Usihakiki Mlima: Namna ya Kuandika Kuhusu Maonyesho ya Mandhari na Rangi za Maji

Tahakiki yangu ya kwanza ya picha za mandhari niliiandika kwa furaha kubwa, na ilikuwa mbaya. Yalikuwa maonyesho ya rangi za maji katika ukumbi mmoja wa sanaa jijini Nairobi, na picha iliyoniteka ilikuwa ya Mlima Kenya ukitazamwa alfajiri kutoka upande wa Nanyuki. Niliandika aya nne nzima: ukuu wa mlima, ukimya wake, vilele vya Batian na Nelion vikichomoza juu ya mawingu, wazee wa zamani walivyosali wakiuelekea. Gazeti likatoka. Siku mbili baadaye nikakutana na mchoraji mwenyewe palepale ukumbini, mzee wa miaka sabini na ushei. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, akanishika mkono, akasema bila hasira yoyote: "Mwanangu, nimesoma, nashukuru. Lakini ule mlima niliukuta pale. Kazi yangu mimi ni hii karatasi."

Akanisogeza karibu na fremu. Theluji ya kileleni haikuwa rangi. Ilikuwa karatasi tupu, isiyoguswa. Alikuwa ameizungushia rangi ya anga kwa mkupuo mmoja wa brashi, akaiacha karatasi yenyewe ing'ae katikati. Upande wa kulia ukingo wa theluji ulikuwa mkali kama wembe. Upande wa kushoto ulikuwa umeyeyukia angani. Nilikuwa nimesimama mbele ya picha ile dakika tatu, labda nne, na hilo sikuliona.

Wewe unayetaka kuandika kuhusu maonyesho ya aina hii, kwa gazeti, kwa redio au kwa jarida la chuo, anza na maneno ya mzee yule. Msomaji wako anaweza kupanda matatu akaenda kuuona mlima bila msaada wako. Asichoweza kuona peke yake, pengine, ni kile mkono wa mtu ulichofanya juu ya karatasi. Hicho ndicho unachopaswa kumwonyesha.

Usiende usiku wa ufunguzi ukitarajia kuona picha. Usiku ule ni wa watu: kuna hotuba, sambusa na divai, kuna jamaa wa mchoraji waliosafiri kuja kumpongeza, na migongo imeziba kuta. Nenda usalimie, umpe hongera mwenye shughuli, uchukue orodha ya picha. Kisha urudi siku ya kazi, asubuhi, ukumbini mkiwa wewe na mlinzi wa mlangoni. Zunguka mara moja bila kuandika kitu. Mzunguko wa pili chagua picha tatu, si zaidi, na kila moja uipe robo saa ukitazama saa. Robo saa mbele ya picha moja ni ndefu. Ikifika dakika ya tano mkono utaanza kutafuta simu mfukoni. Vumilia, maana macho hutumia dakika zile za mwanzo kuhesabu vitu, huu mti, hili ziwa, yule ng'ombe, na yakishamaliza hesabu ndipo yanapoanza kuuliza mti huu umefanywaje.

Kama bado huna mazoea hayo, jifunzie mahali patulivu. Nairobi, kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, lipo jengo la mawe la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa. Humo watu waliandikisha watoto wao, ndoa zao na vifo vyao. Likaja kuwa Nairobi Gallery, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na ndipo ulipowekwa mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais wa nchi hiyo. Ukiwa Dar es Salaam, Nafasi Art Space ya Mikocheni, iliyoanza mwaka 2008, ina faida nyingine: wasanii wanafanyia kazi palepale, katika karakana zilizotengenezwa kwa makontena, kwa hiyo unaweza kuona picha ikiwa bado mbichi. Saa moja ya kumtazama mtu akilowesha karatasi itakufundisha kuliko utangulizi wowote uliobandikwa ukutani.

Picha ya mandhari ina masafa mawili, nawe uyatumie yote. Simama hatua nne nyuma uone kama inasimama: uzito uko wapi, jicho linaingilia wapi, linatokea wapi, anga limepewa nafasi kiasi gani na nchi kiasi gani. Kisha sogea mpaka pua iwe shibiri moja na kioo. Pale mandhari hutoweka, zinabaki alama. Tahakiki nyingi ninazosoma zimeandikwa kutoka hatua nne tu. Mwandishi hakusogea.

Kabla sijafika kwenye karatasi, neno moja kuhusu taa. Usilalamike ukikuta chumba cha rangi za maji kina mwanga hafifu. Rangi hizi ni tabaka jembamba mno, na mwanga unazila. Kumbi nyingi kubwa hujizuia zisipite luksi 50 au karibu na hapo. Edinburgh kuna mfano ninaoupenda sana. Mwaka 1900 mkusanyaji aitwaye Henry Vaughan aliliachia jumba la taifa la sanaa la Scotland picha 38 za rangi za maji za mchoraji J. M. W. Turner, kwa sharti kwamba zionyeshwe Januari tu, mwezi ambao jua la huko huwa dhaifu sana. Sharti hilo limeheshimiwa zaidi ya miaka mia moja, na rangi zake bado zina ubichi. Sasa linganisha na kumbi zetu, ambako wakati mwingine picha ya karatasi hutundikwa mkabala na dirisha linalopokea jua la alasiri la hapa ikweta. Ukiona hivyo, liandike waziwazi. Mchoraji anaumia na mnunuzi anadhulumika, na mara nyingi mwenye ukumbi anaweza kurekebisha kosa hilo siku hiyohiyo kwa kuhamisha picha ukuta wa pili. Tazama pia kioo chenyewe. Kama unachokiona kwenye anga la picha ni uso wako na balbu ya dari, hilo nalo ni sehemu ya maonyesho, na msomaji anayepanga kulipa nauli ana haki ya kulijua.

Sasa karatasi. Hapa ndipo nitakapokaa, kwa sababu hapa ndipo wahakiki wengi hutoroka.

Rangi za maji kwa jadi yake hazitegemei nyeupe. Nyeupe ya kwenye boksi ipo, lakini fundi huitegemea karatasi iwe ndiyo mwanga wake. Mchoraji wa rangi za mafuta anaweza kuanzia gizani akapanda taratibu kuelekea nuru, akiweka jua la mwisho kabisa kwa ncha ya brashi. Huyu wa maji huanza akiwa na nuru yote mkononi, na kila anapogusa anaipunguza. Akishaipoteza hairudi, au inarudi ikiwa na makovu. Kwa hiyo swali lako la kwanza mbele ya picha ya aina hii liwe: weupe uko wapi, na je, aliuacha au aliuongeza baadaye? Mwaka 1800 Mwingereza Thomas Girtin alichora nyumba moja ndogo kando ya mto Thames, karibu na Chelsea, jioni. Picha nzima ni kijivu, buluu na hudhurungi, na nyumba ile ni doa moja la karatasi isiyoguswa, na kivuli chake majini. Girtin alikufa miaka miwili baadaye akiwa na miaka 27, na kijidoa kile bado kinawafundisha watu.

Weupe ulioongezwa si dhambi. Turner mwenyewe alikuwa akikwangua karatasi ili apate povu la maji, na wapo wanaotumia gwashi, rangi ya maji iliyo nzito na isiyopenyeza mwanga, kwa ustadi mkubwa. Lakini mwambie msomaji ni weupe wa aina gani. Weupe wa karatasi unang'aa kutoka chini, weupe wa gwashi umekaa juu kama chaki ubaoni, na weupe wa kukwangua una nywelenywele ukiutazama kwa ubavu. Picha ya mawimbi ya Diani yenye weupe wa gwashi kila mahali inaweza kuwa nzuri, ila haijafanya kile ambacho kichwa chake kinadai, kama kinadai ni rangi za maji tupu.

Baada ya weupe, tafuta kingo. Ukingo mkali maana yake rangi iliwekwa juu ya karatasi kavu, au iliachwa ikauke kabla ya kuguswa tena. Ukingo uliosambaa maana yake karatasi ilikuwa imelowa. Kati ya hizo mbili ipo dakika ya hatari, karatasi ikiwa nusu mbichi nusu kavu. Ukiongeza maji dakika hiyo, yanaisukuma rangi pembeni na kuacha doa lenye pindo la mikunjomikunjo, kama ua la koliflawa. Kwa mwanafunzi hiyo ni ajali. Kwa fundi inaweza kuwa kichaka cha lelechwa au kifua cha wingu la mvua. Utajuaje? Tazama kama doa limekaa mahali linapohitajika, na kama picha nyingine ukutani zina madoa ya namna hiyo yametupwa ovyo.

Hali ya hewa nayo huingia kwenye karatasi. Mtu anayechorea nje katika Bonde la Ufa mchana wa Februari, upepo mkavu ukivuma, ana sekunde chache tu kabla rangi haijashika. Kingo zake zitakuwa kali hata asipopenda. Anayechorea Lamu, hewa ikiwa nzito kwa unyevu, husubiri na kusubiri, na kila kitu chake huelekea kuyeyukiana. Nimewahi kuona maonyesho ya mtu mmoja aliyechora sehemu hizo mbili, na tofauti ile ilionekana ukutani kabla hujasoma kibandiko chochote. Jambo kama hilo ukiliona, limeshakupa aya yako bora, kwani linamwonyesha msomaji mahali pakifanya kazi ndani ya picha, si mahali palipochorwa tu.

Tazama karatasi yenyewe. Ile nzuri ya pamba, ya gramu 300 kwa mita ya mraba au zaidi, hulala kwa utulivu. Nyembamba isiyovutwa kabla ya kulowa hujikunja mawimbi kama bati, na mawimbi hayo hupeleka rangi mabondeni na kuiacha milima ikiwa mitupu. Karatasi yenye chembe kubwa huacha vishimo vyeupe pale brashi kavu inapopita upesi. Hivyo ndivyo maji ya ziwa hupata mmeto. Usimdharau mchoraji kijana kwa sababu karatasi yake ni ya bei nafuu, maana ile nzuri huagizwa kutoka nje na si kila mtu anaimudu. Lakini ukiona kazi ya shilingi nyingi iko kwenye karatasi ambayo tayari inageuka manjano, mnunuzi anastahili kuambiwa.

Na tazama tope. Rangi za maji hupenda kupakwa tabaka juu ya tabaka, kila moja ikikauka kabla ya inayofuata, na mwanga ukapenya zote mpaka kwenye karatasi ukarudi. Mchoraji akisitasita, akarudia, akasugua, mwanga hukwama. Wenyewe husema rangi imekufa. Utaiona mara nyingi kwenye kivuli chini ya mti, mahali ambapo mchoraji alikuwa hana uhakika.

Nikupe mfano wa namna ya kuyaandika haya. Juzi nilisimama mbele ya picha ndogo ya Ziwa Magadi, sentimita 28 kwa 38. Rasimu yangu ya kwanza ilisema: "Picha hii inatuletea uzuri wa ajabu wa ziwa la waridi." Nikaifuta, maana sentensi hiyo ningeweza kuiandika nikiwa kitandani. Nikarudi kwenye kioo. Ya pili ikasema: "Waridi ya ziwa imepakwa mara moja tu, ubao ukiwa umeinamishwa, hivyo rangi imeteremka na kukusanyika chini, nzito kama shira, ng'ambo ya ziwa hakuna mstari, kuna pengo la karatasi kavu jembamba kama uzi, na pengo hilo ndilo linalotufanya tuhisi joto." Sentensi ya pili ni ndefu, na ina makosa yake. Lakini haiwezi kuandikiwa picha nyingine yoyote. Hicho ndicho kipimo ninachokuomba ujipimie kila aya.

Baada ya mkono, ndipo uje kwenye mahali. Mahali ni muhimu sana, nami sisemi ulisahau ziwa. Nasema ulipime kwa macho ya mtu anayeijua nchi. Wengi wetu tulijifunza mandhari kwenye vitabu na kalenda zilizotoka Ulaya, na mwanga wa Ulaya ukaingia mikononi mwetu bila kubisha hodi. Karibu na ikweta jua hupanda na kushuka wima. Saa sita mchana kivuli cha mgunga hukaa chini ya mgunga. Machweo yetu ni mafupi. Jua likishagusa kilima, giza halikawii. Ukiona picha ya mchana yenye vivuli virefu vimelala nchi nzima, uliza ni saa ngapi pale. Ukiona kichwa kinasema Aprili, nayo mijakaranda ya Nairobi imefurika zambarau, uliza tena, kwa kuwa miti hiyo huchanua kwa wingi kuelekea Oktoba.

Pwani, tazama vyombo. Ngalawa ina matengo pande zote mbili, jahazi halina. Bendera ikipepea kushoto na tanga likajaa upepo kulia, mchoraji amechanganya picha mbili za simu. Ufuo ukiwa mkavu mpaka mbali kwenye miamba, ni maji kupwa, pengine ya bamvua, na mashua zinapaswa kulala ubavu mchangani. Wasomaji wa Lamu, Tanga na Unguja watayaona haya mara moja, na mhakiki asiyeyaona hawatamwamini kwa mengine.

Mtihani mkubwa kuliko yote ni Kilimanjaro. Zaidi ya robo tatu ya barafu iliyokuwepo kileleni ilipopimwa mwaka 1912 imekwisha. Lakini nenda kwenye maduka ya picha, Arusha au Dar, kwenye picha za Tingatinga na kwenye rangi za maji vilevile, utakuta kofia nyeupe nene imeufunika mlima kama ilivyokuwa enzi za babu. Sitaki umkemee mchoraji kwa hilo, kwani si mpima ardhi, na ana haki ya kuchora mlima anaoukumbuka. Uliza tu kama amechagua. Kofia ile ikiwa imechorwa kwa ukumbusho wa kitu kinachopotea, picha itakuambia kwa namna nyingine pia, kwa rangi ya nchi iliyo chini, kwa ukavu wa mito. Ikiwa imenakiliwa kwenye kalenda, itakuwa imekaa pale bila kuhusiana na chochote.

Na uliza: watu wako wapi? Swali hili ninalipeleka kwenye kila maonyesho ya mandhari, na linaniuma. Kuna jadi ndefu ya kuichora Afrika Mashariki kama nchi tupu: nyasi, mgunga mmoja, tembo watatu, upeo wa macho. Jadi hiyo ilikua sambamba na kuwaondoa watu katika ardhi nyingine ili ziwe hifadhi, na ingali inauzika sana kwa wageni. Mbele ya picha ya namna hiyo mkumbuke Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, aliyesomea sanaa Makerere na baadaye katika chuo cha sanaa cha Slade, London, kisha akawa balozi wa kwanza wa Tanganyika huko Uingereza. Mandhari zake za Uchagani zimejaa kazi: watu wanavuna, wanajenga, wanabeba pombe ya ndizi. Jumba la Museum of Modern Art la New York lilinunua mojawapo ya picha zake mwaka 1960. Au mkumbuke Elimo Njau, ambaye mwaka 1959 alichora ukutani mwa kanisa la Murang'a maisha ya Yesu yakitokea kwenye matuta na migomba ya nchi ileile. Mandhari tupu inaweza kuwa picha kubwa. Ukimya ni jambo la haki kuchorwa. Lakini utupu uelezwe. Kama bonde lililochorwa ni lile ambalo wewe umepita na kuona boma, mbuzi na nguzo za umeme, sema kwamba mchoraji ameviondoa, kisha useme picha imepata nini kwa kuviondoa na imepoteza nini.

Ukikaa kuandika, tumia utajiri wa lugha. Nasikitika ninaposoma tahakiki yenye rangi nne tu, nyekundu, kijani, buluu na njano, ilhali tuna samawati, urujuani, hudhurungi, damu ya mzee, maji ya kunde, rangi ya majivu, ya kutu, ya udongo, ya samli. Tuna alfajiri, macheo, jua la utosi, alasiri, machweo, utusitusi. Tuna nyika, mbuga, korongo, genge, bonde, mteremko, ufuo. Mchoraji amehangaika nusu siku kuitenganisha kijivu hii na ile, usizitupe zote kapu moja. Neno "mandhari ya kuvutia" lifute kila unapolikuta. Halijawahi kumwonyesha mtu kitu.

Anza tahakiki na picha moja, karibu kabisa. Msomaji akishaona kwamba unaona, atakufuata kwenye habari za ukumbi, za mchoraji na za idadi ya picha. Wasifu wa mchoraji uupe sentensi mbili. Jinsi picha zilivyopangwa iguse pale tu inapobadilisha maana: kama picha kubwa ya mafuta imewekwa kando ya karatasi ndogo ikaimeza, au kama picha zimetundikwa juu mno. Kumbi nyingi huweka kitovu cha picha karibu sentimita 150 kutoka sakafuni; mtoto wa shule na mtu wa kiti cha magurudumu watakuambia kama inatosha. Vitone vyekundu vya picha zilizouzwa visikuyumbishe. Vinasema mtu amelipa, basi.

Ukiwa na la kulaumu, laumu kwa kidole, mahali hasa. "Anga la picha namba nne limesuguliwa mpaka karatasi imetoa nyuzi" ni lawama ambayo mchoraji anaweza kwenda kuihakikisha na kujifunza. "Kazi dhaifu" haimsaidii yeye wala msomaji. Mwaka 1877 mhakiki John Ruskin, mtu yuleyule aliyemtetea Turner kwa moyo wote katika kitabu chake Modern Painters mwaka 1843, aliandika kwa dharau kuhusu picha ya James McNeill Whistler iliyoonyesha fataki za usiku jijini London. Whistler akamshtaki. Mahakamani, Novemba 1878, aliulizwa kama kweli anadai ginea 200 kwa kazi ya siku mbili, akajibu kuwa ile ni bei ya maarifa ya maisha yake yote. Alishinda, akapewa fidia ya farthing moja, yaani robo ya peni, na gharama za kesi zikachangia kumfilisi mwaka uliofuata. Ruskin alikuwa na macho mazuri kuliko karibu wahakiki wote wa zama zake, ila siku ile mahakamani upande wake ulipima muda badala ya picha. Usiingie shimo hilo, hasa kwenye rangi za maji, maana nyingi kati ya zile bora zimechukua dakika arobaini.

Mambo madogo, ambayo wahariri hawatakusamehe: hakiki tahajia ya jina la mchoraji na ya kila kichwa cha picha, andika vipimo na aina ya rangi kama vilivyo kwenye kibandiko, kisha uhakikishe kwa macho kwamba kibandiko hakijakosea, omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Usipokee zawadi, hata mchoro mdogo, hata ukisukumiwa kwa upendo. Mchoraji akiwa rafiki yako, mwachie mwingine aandike. Na tahakiki itoke wakati milango bado iko wazi, ili msomaji aweze kwenda kukupinga.

Ukipata nafasi, rudi tena siku ya kushusha picha. Hakuna anayekwenda siku hiyo, na wenye ukumbi huwa wakarimu ukiwasaidia kubeba. Utaziona picha mgongo wake: utepe wa karatasi, uzi wa kutundikia, vibandiko vya safari zilizopita. Mimi nilikuwepo siku ile picha ya Mlima Kenya iliposhushwa. Mzee aliigeuza, akaiegemeza ukutani, akaenda kutafuta boksi. Nyuma, pembeni chini, kulikuwa na mwandiko wake wa penseli: Nanyuki, saa kumi na mbili unusu asubuhi, baridi kali, upande wa kushoto umekataa kukauka.